Kipima presha cha rejeta: kilivyoniokoa nisifungue hedi ya injini ya mashua

Nimekuwa na kifaa hiki miezi minne sasa, katika mashua ya tanga ninayoiongoza hapa Kilifi. Naandika kwa sababu nilikuwa karibu sana kufungua silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda, ambayo haikuwa na kosa lolote.

Dizeli yetu ni ya silinda tatu na hupozwa kwa maji ya aina mbili. Kulanti, yaani maji ya kijani ya kupozea, huzunguka ndani ya bloku, mwili wa injini. Maji ya bahari huvutwa na pampu yenye impela (pangaboi dogo) ya mpira, yakapita katika vijibomba vyembamba vya kipoozeo, yakachukua joto la kulanti, kisha yakamwagwa nje pamoja na moshi kwenye ekzosi. Kulanti na maji ya chumvi hupishana kwa ukuta mwembamba wa shaba, lakini hayatakiwi kukutana.

Tatizo lilianza wakati wa tanga mbili, kaskazi imekufa na kusi haijasimama, kipindi ambacho sisi wa matanga hutegemea injini kuliko mwaka wote. Kila nikiitembeza saa mbili tatu, kesho yake nikifungua kifuniko cha tangi la kulanti nakuta kulanti imeshuka, naongeza nusu lita. Nikatandika karatasi nyeupe chini ya injini: kavu. Ngama nayo, kule chini kabisa ya mashua maji yanakokusanyika, haikuwa na hata tone la kijani. Nikapapasa mipira yote, nikatazama kile kitundu kidogo chini ya pampu ya maji, ambacho hutoa maji sili ya ndani ikichoka: kikavu pia. Kisha Jumapili moja, tukirudi na wageni, king'ora cha joto kikalia tukiwa kwenye mlango wa kupita kati ya miamba, mwamba ubavuni na upepo hakuna. Tulitia nanga haraka na hakuna aliyeumia, lakini usiku ule sikulala. Watu wale walinikabidhi watoto wao.

Fundi wa kwanza alisikiliza habari yangu akasema, "Nahodha, hiyo ni hedi gasketi. Maji yanaungua ndani." Si neno la ovyo, maana gasketi hiyo, inayoziba kati ya hedi na bloku, ikitoboka kulanti inaweza kupotea bila kuacha alama. Lakini oili ilikuwa safi, haina rangi ya maziwa, moshi haukuwa mweupe, wala sikuona mapovu shingoni mwa tangi. Nikamwomba anipe wiki moja.

Wiki hiyo ndiyo niliyonunua kipima presha, Mombasa, duka la vipuri vya magari, kwa shilingi 8,500. Ni pampu ya mkono yenye geji, mpira mfupi, na vifuniko vya saizi mbalimbali. Unatoa kifuniko cha rejeta, unafunga cha kifaa mahali pake, unapiga pampu mpaka presha iliyoandikwa kwenye kifuniko chako, kisha unautazama mshale. Changu kimeandikwa 0.9, maana yake bar 0.9, yaani kama psi 13. Usizidishe hapo hata kidogo, utapasua kile kilichokuwa kizima. Na injini iwe baridi: kufungua kifuniko cha injini ya moto ni kuuita mvuke usoni.

Mara ya kwanza mshale ulishuka haraka, nikafurahi bure. Kilichokuwa kikivuja ni kifaa chenyewe, kwenye mpira wa kifuniko chake. Nilipaka maji ya sabuni, nikaona mapovu, nikaugeuza ule mpira na kuukaza upya. Tangu hapo sipimi kitu kabla ya kupitisha sabuni hapo. Mara ya pili kilinionyesha klipu iliyolegea nyuma ya injini, mahali mkono hufika lakini jicho halifiki. Nilikaza. Mshale ukaendelea kushuka taratibu, kutoka 13 hadi 9 kwa dakika kumi, na bado palikuwa pakavu kila mahali.

Hapo ndipo nilipofunga vali ya maji ya bahari, nikachomoa mpira unaotoka kwenye kipoozeo kwenda ekzosi, nikayaacha maji ya chumvi yatoke yote, kisha nikapiga pampu tena. Kijana wangu alikuwa amelala kifudifudi na tochi. Zikapita dakika chache, akaita: "Nahodha, yatona huku!" Tone la kijani, kisha jingine. Kijibomba kimoja kilikuwa kimetoboka. Injini ikipata moto, kulanti huwa na presha kubwa kuliko maji ya bahari ambayo njia yake iko wazi hadi nje, kwa hiyo ilikuwa ikisukumwa huko na kutemwa baharini pamoja na moshi. Ndiyo maana ngama ilikuwa kavu.

Zinki ya kipoozeo nilipoifungua nilikuta imebaki parafujo tu. Hilo ni langu. Kazi ya zinki ni kuliwa na chumvi badala ya shaba, nami sikuibadilisha kwa wakati. Sasa ikifika nusu natoa.

Kabla ya kumjibu fundi nilipima na hedi. Niliwasha injini kifaa kikiwa kimefungwa, presha ndogo tu, mkono tayari kwenye kizimio. Gasi ya silinda ikiingia kwenye maji, mshale hupanda kwa kasi au hucheza. Wangu ulitulia. Fundi alipouona mwenyewe alikubali bila ubishi, na nilimheshimu kwa hilo. Fundi wa rejeta aliziba kijibomba kile ncha zote mbili kwa risasi ya kulehemu, nikaweka oringi (pete za mpira za kuzibia) mpya, nikasafisha mfumo wote kwa maji yasiyo na chumvi na kujaza kulanti mpya, kwa kuwa injini ikipoa huweza kuvuta chumvi ndani kupitia tundu lile lile. Kulanti ya zamani niliikusanya kwenye dumu. Ni tamu na ni sumu, mbwa na watoto huvutiwa nayo.

Upungufu wa kifaa: mpira ni mfupi mno kwa chumba cha injini cha mashua, unalazimika kujikunja chini ya ngazi ili usome geji. Vifuniko vingi ni vya magari, kimoja tu ndicho kilichokaa kwangu, kwa hiyo nenda dukani na kifuniko chako mkononi. Na kuna mivujo inayojitokeza injini ikiwa vuguvugu tu. Kipimo cha baridi hakitaiona, rudia baadaye.

Kwangu kimeshalipa. Tangu kijibomba kizibwe, safari mbili za Mombasa na kurudi, na sijaongeza kulanti hata kikombe.