Droni ya joto juu ya viboko: kamera iangalie chini wima au uilaze?

Jamani, kwenye picha za joto za mtoni (kamera inaona joto badala ya mwanga, penye joto panatoka peupe, penye baridi peusi) kinachochanganya watu sio kiboko, ni maji. Kamera ikiangalia chini wima, maji yanakuonyesha joto lake yenyewe karibu lote, uwezo wake wa kutoa mionzi ya joto ni kama 0.98 hadi 0.99, mwisho kabisa ni 1, ila ni joto la juujuu tu, hata milimita moja haifiki, kwa hiyo kiboko akizama ndo basi, humuoni tena.

Ukiilaza kamera uone mbali, hapo maji yanageuka kioo. Yanarudisha anga, na anga isiyo na mawingu ni baridi kweli, mto unatoka mweusi tii, halafu tembo aliyesimama ukingoni anakunywa anatokea mara mbili, mmoja kichwa chini. Huyo wa pili usimhesabu! Angalia miguuni, wameungana palepale kwenye maji, na wa chini amefifia, wimbi likipita anakatikakatika.

Kulaza kuna faida yake, unafagia eneo kubwa na droni haiko juu ya vichwa vya wanyama. Lakini kwa kuhesabu mi nachagua wima, tena alfajiri, hasa kiangazi viboko wanapobanana kwenye madimbwi kama ya Mto Ruaha Mkuu. Saa hiyo maji yanakuwa na joto kuliko mchanga, dimbwi linang'aa jeupe, na mgongo uliolowa unaweza kutoka mweusi kuliko maji, kinyume kabisa na ulivyozoea, so usitafute doa jeupe tu.