Fundi wa Chikongola aliyerudisha waifai kwenye laptop ya shangazi

Walioko Mtwara mjini, kama una laptop ya zamani umepiga Windows upya halafu waifai imepotea kabisa, kuna fundi ana kibanda Chikongola, hana bango ila ukiuliza fundi kompyuta unaonyeshwa. Shangazi yangu anatunzia hesabu za korosho kwenye mashine yake, Windows 7 ya biti 32, na kwa fundi mwingine tulishaambiwa kadi ya waifai imekufa tutafute laptop nyingine.

Huyu hata hakufungua mashine. Aliingia Device Manager, ile orodha ya vifaa vya kompyuta, pale Network Controller penye alama ya njano akabofya kulia, Properties, Details, akachagua Hardware Ids. "Mama unaona hii VEN_14E4, hiyo ni Broadcom, ingekuwa 8086 ni Intel, 168C Atheros, 10EC Realtek." Na ile DEV inayofuata ndo inataja chipu yenyewe. Hapo ndo nilimkubali, maana laptop za modeli moja zinaweza kutoka kiwandani na kadi tofauti, ndo sababu mtu anashusha draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kadi) ya laptop ileile kabisa na bado inagoma, anaishia kumaliza bando.

Intaneti akaitoa kwenye simu yangu kwa waya, USB tethering, wala haihitaji waifai, akaenda tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptop, akahakikisha draiva ni ya biti 32 maana ya 64 haiingii humo. Zile programu zinazojidai kutafuta draiva zote zenyewe hazitaki hata kuzisikia, na mimi namuunga mkono, nyingi zinakuletea matangazo na takataka usizoomba. Kingine nilichojifunza pale, Windows 7 isiyo na sasisho la KB3033929 la 2015 inaweza kukataa draiva mpya hata kama ndiyo yenyewe, kwa sababu haitambui saini ya SHA-2, alama ya kidijitali inayothibitisha draiva imetoka kwa nani.

Na ni mkweli jamani. Anauza vile vidude vya waifai vya kuchomeka USB, TP-Link TL-WN725N, angeweza kumbebesha shangazi kimoja tukalipa tukaondoka, lakini akasema kadi yenu nzima, hiki wachukue ambao yao imekufa kweli. (Kinashika 2.4GHz tu, Mbps 150 za kwenye boksi, kwa kutuma barua pepe kinatosha sana.) Akamwambia pia Microsoft waliacha kuilinda Windows 7 tangu Januari 14, 2020, kwa hiyo mambo ya benki asifanyie humo.

Ubaya wake foleni, jioni utasimama mpaka miguu iume, na risiti mpaka uidai. Bei tulielewana vizuri tu, nyota tano natoa bila kusita. Ukienda nenda asubuhi, beba chaja ya laptop na waya wa simu unaopitisha data, ule wa kuchajia tu hausaidii kitu.