Darasa la udi Mji wa Kale Mombasa, nampa mzee mwalimu nyota 4
Watu wananiuliza sana kijana wangu yuwasomea wapi udi, ile ala ya nyuzi ya taarab si ule wa kufukiza, basi naandika mara moja niwe nimemaliza.

Tangu ana miaka 7 yeye ndiye aliyekuwa sauti ya kaswida pale madrasa, maulidi yote yuko mbele. Mwaka jana kafika 14 sauti ikamgeuka, mara nene mara yalia kama mlango usiotiwa mafuta, mwenzake mmoja tu akacheka kwenye mazoezi na basi, kijana akanyamaza, hata nyumbani ukimuita ajibu kwa kichwa. Shangazi yake ndiye aliyesema mpelekeni akapige udi, mikono haibalehe.

Darasa ni chumba cha chini kwa mzee mwenyewe, vichochoro vya nyuma ya Ndia Kuu, kutoka Fort Jesus ni kutembea tu. Hakuna kibao, uliza wauza kahawa. Mimi nalipa 500 kwa somo, M-Pesa apokea, udi wa kujifunzia uko palepale.

Sasa kama wataka mtoto apige wimbo wiki ya pili, huyu si mwalimu wako. Wiki sita nzima mwanangu ni risha, kile kijiti cha kupigia nyuzi, juu chini, juu chini, nyuzi tupu, mkono wa kushoto hauna kazi. Nikaenda kuteta, si mimi ndiye nalipa? Mzee akanipa kahawa tungu akaniambia, "Mama, udi si gita, hauna vile vyuma vya kukuonyesha mahali pa kidole. Muache sikio lijue kwanza." Nikarudi na hasira zangu. Lakini kumbe kwenye Rast, mpangilio mmoja wa noti za Kiarabu, kuna noti iko katikati, si ya juu si ya chini, kinanda cha kawaida hakina, na siku moja nimo jikoni nakaanga mahamri huku naimba, kijana akasema taratibu, "Mama, hapo umeipandisha." Nusura nimrushie mwiko! Halafu nikakumbuka ni miezi sijamsikia akisema maneno hata matatu mfululizo.

Ya kuudhi yapo. Mzee akisema saa kumi jua ni kumi na nusu. Chumba joto utadhani wachoma mkate wa mofa, feni ni moja na imemuelekea yeye. Na nyuzi zikikatika ni juu yako, udi wenyewe una 11, tano za mbilimbili na moja ya besi peke yake, na hii hewa yetu ya bahari haiachi kitu. Seti ya pili nilikataa kutoa pesa, nikimtega kijana nione. Akaenda kumsaidia mtu kuuza viazi karai kule Mama Ngina Jumamosi nne, kanunua mwenyewe, chenji akaniletea mabuyu. Hapo nikajua darasa nalipia kitu.

Juzi usiku yuko chumbani atia nyuzi sawa, nikasikia sauti nzito yafuata udi chini chini, nikadhani babake amerudi kutoka Likoni. Nikazima redio nisimshtue.

Ah, na Ijumaa mzee hafundishi, msijisumbue.