Whitby na wanaparokia: magofu mazuri, lakini kanisa ndilo lililotushika

Kama mna kundi lenye wazee na mnafikiria kwenda Whitby, pwani ya Yorkshire, Uingereza, suala la ngazi mlimalize mapema. Ziko 199 kutoka mjini hadi Kanisa la St Mary's juu ya jabali, na upepo wa Bahari ya Kaskazini haujali umri wa mtu. Vijana wetu walizipanda kwa mbwembwe. Kina mama walipelekwa na gari hadi maegesho ya juu, karibu na magofu ya abasia, yaani monasteri ya kale, wakatusubiri huku wakitucheka.

Abasia ilianzishwa mwaka 657, na Mtakatifu Hilda ndiye aliyekuwa abesi wa kwanza, akiongoza watawa wa kike na wa kiume pamoja. Hapo ndipo sinodi ya 664 ilipoamua kwamba Northumbria, ufalme wa eneo hilo wakati ule, ifuate hesabu ya Pasaka ya Roma. Kuta zinazoonekana leo ni za abasia iliyojengwa karne nyingi baadaye, ambayo Mfalme Henry wa Nane aliifunga 1539. Meli za kivita za Ujerumani nazo ziliipiga mizinga Desemba 1914. Inapendeza kwa picha, sikatai, ila mimi niliyezoea abasia ya Peramiho yenye hospitali na karakana zake, niliona tiketi ni ghali kidogo kwa nyasi na nguzo.

Kanisani sasa! Kuingia ni bure, mnaacha sadaka. Ndani hakuna mabenchi ya kawaida, ni vizimba vya mbao vyenye milango, vimebanana mpaka unajiuliza padre alipitia wapi. Kimoja kimeandikwa kwamba ni cha wageni tu. Bibi mmoja wa kundi letu aliposomewa maandishi hayo aliingia, akaketi, akafunga mlango. "Si ndio sisi?" Hakutoka mpaka tulipokaribia kuondoka.

Mimbari ina ghorofa tatu, na pembeni yake kuna mirija ya kusikilizia iliyowekwa kwa ajili ya mke wa kasisi mmoja aliyekuwa kiziwi. Nao akina Cholmley, waliochukua ardhi ya abasia baada ya kufungwa, walijijengea roshani yao ya kusalia juu ya nguzo zilizosokotwa, mbele kabisa, wakaziba njia ya macho kuelekea altare. Wakubwa na viti vya mbele, tangu lini hawajaelewana?

Kilichotuudhi ni basi tulilokodi: dereva alichelewa kuturudia, na wazee wakapigwa na baridi bure. Wekeni namba yake ya simu kwa zaidi ya mtu mmoja.

Kanisa nalipa nyota tano, magofu tatu na nusu. Mkienda, anzieni kanisani watu wakiwa bado na nguvu, na tiketi za magofu ulizieni mapema bei ya vikundi.