Miezi sita ya tiba ya kucheza na mwanangu: natoa nyota 4, na ile moja niliyoinyima ina sababu

Hii namuandikia mzazi anayezunguka mtandaoni usiku wa manane kama mi nlivyokuwa, anajiuliza tiba ya kucheza ni kitu cha kweli au ni mtu tu kanunua midoli akakodi chumba. Tumeenda mara moja kwa wiki, dakika 45, jumla sesheni 26, na tumemaliza hivi karibuni. Jina la kituo silitaji maana nina malalamiko pia, nasema tu huduma yenyewe ilivyo.

Mwanangu ana miaka sita. Bibi yake, mama mkwe wangu, tulikuwa tunaishi naye, akafariki, na sisi watu wazima kwa akili zetu zote tukamwambia mtoto bibi amesafiri. Akanyamaza. Tukasema afadhali, kachukulia poa. Wiki kama tatu baadaye akaanza kukojoa kitandani wakati alishaacha siku nyingi, shuleni anapiga wenzake, na kubwa kuliko yote nikishika begi tu, hata kipochi cha kutokea hapo nje, anang'ang'ania mguu wangu analia mpaka sauti inakauka. Nimembembeleza, nimemfokea (naam, nimemfokea), nimemuahidi zawadi, mwisho nikamkalisha nikamuuliza kwa upole "niambie baba, nini kinakusumbua?" ananiangalia tu. Swali lenyewe hata baba yake mzazi hawezi kulijibu sembuse yeye.

Siku ya kwanza mtoto haendi, wanakutaka mzazi peke yako. Saa nzima ya maswali, mimba ilikuwaje, alianza kutembea lini, analala na nani, akikosea nani anamwadhibu, yaani nikawa nawaza mimi ndo mgonjwa au? Nikaulizwa pia kuhusu bibi, mtoto aliambiwa nini, nikajibu haraka haraka "tumeshamweleza." Ambayo ni kweli, kwa namna fulani. Kumbukeni hapo.

Chumba sasa. Msitegemee kama zile sehemu za kuchezea watoto zenye mabembea na maputo. Ni chumba cha kawaida, kina nyumba ya midoli na familia yake, vifaa vya daktari vya plastiki, simu mbovu, magari, mamba, askari, vikaragosi vya kuvaa mkononi, rangi, udongo wa kufinyanga, mdoli mkubwa wa kupigwa ngumi, na trei ya mchanga. Hamna kinachotumia betri, hamna skrini. Mwanzoni nikaona mbona vitu vyenyewe vichache na vingine vimechakaa, baadaye ndo nikaelewa vimechaguliwa kwa makusudi: kuna vya mambo ya nyumbani, vya kutolea hasira, na vya kuumba kitu kutoka kichwani mwako, maana mtoto mdogo hana maneno ya huzuni yake ila ana mamba na ana familia ya midoli, ukimuachia vitakwambia. Hiyo trei ya mchanga ina historia yake, kule London mwishoni mwa miaka ya 1920 daktari Margaret Lowenfeld aliweka mchanga na visanamu vidogo kwenye kliniki yake, watoto wenyewe wakawa wanavichanganya na kukiita walichotengeneza "dunia". Mwanangu kwenye sesheni zake za mwanzo hakugusa kingine chochote.

Nlichodhani nanunua ni hivi: mtaalamu atacheza na mtoto, atamchangamsha, alafu katikati ya mchezo atachomekea maswali ya kijanja mpaka mtoto aseme. Wapi! Yule dada haulizi. Nilikaribishwa ndani mara mbili, baada ya mwanangu kukubali, na kusema ukweli dakika kumi za kwanza nikajiuliza hela yangu inaenda wapi, maana yuko chini amekaa anasema tu anachokiona. "Huyu umemweka mbali na wenzake." Kimya. "Sasa unamfunika." Kimya tena. Mtoto akachora kitu cheusi cheusi akamuonyesha, "Anti, nzuri?" Mi hapo mdomo ushafunguka niseme nzuri sana mwanangu, yeye akasema "naona umetumia nyeusi nyingi, na hapa umekandamiza kwa nguvu." Mtoto akaiangalia picha yake upya, akakandamiza zaidi. Baadaye akanielezea, angesema nzuri, wiki ijayo mtoto angechora cha kumfurahisha anti badala ya kuchora kilicho moyoni. Mi niliyemsifia kila kitu miaka sita nikameza mate.

Kumbe hii namna ya kufanya kazi sio yake ya kubuni, inatoka kwa Virginia Axline, Mmarekani aliyeandika mwaka 1947 jinsi ya kukaa na mtoto hivyo: unampokea alivyo, yeye anaongoza we unafuata, humharakishi, na mipaka unaweka ile ya lazima tu.

Ila mipaka ipo jamani, msije mkadhani ni fujo. Siku mojawapo niliyokuwepo alinyanyua kipande cha mbao amlenge yule dada. Nyumbani ningekuwa nishapaa. Yeye hakupandisha hata sauti: "Naona umekasirika sana, unatamani kunirushia. Mimi sio wa kurushiwa. Yule mdoli mkubwa unaweza kumrushia." Mtoto akasimama na kile kipande mkononi muda mrefuuu, alafu akamgeukia mdoli, akampa kipigo ambacho sijawahi kuona, akaishia kulia. Hasira ikaruhusiwa, kurusha kukakatazwa, na akapewa pa kuipeleka, yote kwa sentensi tatu. Hicho kitu peke yake nimekitumia nyumbani mara nyingi kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa kuhusu kulea.

Sasa tahadhari, na hili nlipaswa kuambiwa kwa sauti kubwa zaidi: kabla ya nafuu hali inaweza kuchafuka. Kwetu ilikuwa wiki ya nne mpaka ya sita hivi, akawa analia usingizini, anavunja vitu, baba yake akasema tuache tunapoteza muda. Mi nikasema tumalize mwezi. Niliambiwa ni kawaida, mtoto alikuwa amelifunga jambo sasa amelifungua, lakini niliambiwa baada ya kupiga simu nikiwa nimechanganyikiwa, sio kabla.

Kile anachofanya mtoto mle ndani hawakuhadithii kimoja kimoja, ni siri yake, isipokuwa kama kuna hatari. Unapewa picha ya jumla kwenye kikao cha wazazi. Mi mwanzo iliniudhi, mtoto nimezaa mimi! Kwenye kikao cha pili ndo yule dada akasema, "Mama, michezo yake mingi ni ya mtu kuondoka, na anayeondoka harudi. Nyumbani neno kuondoka mnalitumiaje?" Nikaanza kujibu nikakwama. Maana juzi yake tu nilimkuta uani kamuweka mdoli ndani ya kopo la sabuni, kopo analiendesha kama gari, akafika kwenye udongo akalifukia, akasema "kasafiri," akalifukua, akaanza upya. Mara ngapi sijui. Nlidhani anachafua nguo.

Yaani mtoto alishajua kinachotokea kwa mtu anayesafiri. Na sisi kila siku tunabeba mabegi mbele yake.

Tulirudi nyumbani na kazi: kumwambia ukweli, kwa maneno mafupi, bibi amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hajakuacha kwa sababu umekosea. Tulifanyishwa hata mazoezi ya kuyasema bila kuongeza maua. Hicho mi ndo naona kiini cha huduma nzima, kwamba mchezo ulitoa swali lakini jibu tulikuwa nalo sisi, na kama wazazi tungebaki kwenye viti vya nje tunasubiri kurudishiwa mtoto aliyetengenezwa angeendelea kufukia kopo mpaka leo.

Na sio mimi tu nasema, mwaka 2005 Sue Bratton na wenzake walikusanya tafiti 93 za tiba hii wakakuta inasaidia kweli, na mzazi akihusishwa matokeo yanakuwa makubwa zaidi. Walikuta pia kwamba faida inaonekana zaidi kwenye sesheni kama 35 mpaka 40, sisi tuliishia 26 na tukaridhika, ila ujue sio kitu cha kwenda mara tatu. Kuna hata aina ambayo mzazi ndo anafundishwa kukaa na mtoto wake kwa mtindo huu, Bernard na Louise Guerney waliianzisha Marekani miaka ya 1960. Sisi tulipewa kipande chake: nusu saa kwa wiki, simu iko chumba kingine, vichezeo maalumu vya muda huo, mtoto anaongoza. Nusu saa bila kufundisha, bila kusahihisha, bila "hapana, gari halipiti hapo." Jaribuni muone, mi dakika ya nane nlikuwa natoka jasho.

Ile nyota moja sasa. Kwanza siku moja walituhamishia chumba kingine bila kutuambia, mtoto akakaa chini ya meza dakika zote 45, na wao ndo waliotufundisha kwamba kila kitu kuwa palepale kila wiki ndo usalama wake! Pili sehemu ya kusubiria, ukuta mwembamba, mnasikia watoto wa wenzenu wanalia, siri iko wapi hapo. Tatu ripoti ya maandishi ilikuwa aya mbili. Na mimi nina kosa langu, kila tukitoka nlikuwa namuuliza njiani "mmefanya nini leo?" mpaka nikaombwa niache. Nikaacha, na ndipo akaanza kunisimulia mwenyewe.

Kama unaenda, uliza kwanza mtu kasomea wapi tiba ya mtoto kwa mchezo na nani anamsimamia kazi yake, asipojibu vizuri geuza. Kwa kawaida inawafaa watoto wa kama miaka 3 hadi 12, kijana mkubwa anaweza kuona unamdharau. Na uliza watamalizaje. Wetu walianza kuaga wiki nne kabla, kila sesheni mtoto anakata kipande kimoja cha mnyororo wa karatasi uliobandikwa ukutani, ili aone mtu anaweza kuondoka ukiwa umejiandaa. Kipande cha mwisho kakibeba nyumbani.

Kukojoa kitandani kumeisha. Shuleni bado kuna siku anasukuma mtu, sitawadanganya. Ila mwezi huu nimesafiri kikazi siku tatu, shangazi yake akapiga simu kumjulia hali, na kwa mazoea ya zamani akamwambia asilie, mama karibu anarudi, na bibi naye huko aliko safarini anamsalimia. Baba yake anasema mtoto alinyamaza kidogo, akasema, "Shangazi, bibi hajasafiri, bibi alikufa. Mama ndo kasafiri. Anarudi Alhamisi."