Uzoefu wangu na Medigap Mpango G baada ya bima ya kazini kwisha

Ninachokipima hapa ni Mpango G wa Medigap, yaani bima ya nyongeza anayoinunua mtu mwenye Medicare, ile bima ya afya ya serikali ya Marekani ambayo wengi huipata wakifika miaka 65, pamoja na kazi ya kujiandikisha pale bima ya mwajiri inapokwisha. Bima yenyewe imenifaa na ningeichagua tena. Kuingia ndiko kunakowaangusha watu, na karibu kila anayeanguka huangushwa na tarehe.

Kwanza bima inalipa nini. Medicare ya asili ina Sehemu A ya kulazwa hospitalini na Sehemu B ya madaktari, vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi. Sehemu B hulipa asilimia 80 ya bei iliyoidhinishwa, na ile asilimia 20 inayobaki kwako haina ukomo. Matibabu ya saratani yanayotolewa kliniki kwa mshipa yanaweza kukuachia deni la maelfu ya dola. Kwenye Sehemu A, mwaka 2025 mgonjwa alianza kwa kujilipia dola 1,676 kila kipindi cha kulazwa. Kipindi kipya huanza ukishakaa siku 60 mfululizo nje ya hospitali, kwa hiyo mtu anaweza kutoa kiasi hicho zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mpango G unalipa hizo dola 1,676, unalipa ile asilimia 20, na unalipa fungu lako la siku ya 21 hadi ya 100 katika kituo cha uuguzi wa kitaalamu, ambalo mwaka 2025 lilikuwa dola 209.50 kwa siku. Unalipa pia ziada ya hadi asilimia 15 ambayo daktari asiyekubali bei ya Medicare anaruhusiwa kudai. Mgonjwa hubaki na kiasi cha kuanzia cha Sehemu B, dola 257 kwa mwaka 2025, na baada ya hapo huduma zote zinazokubaliwa na Medicare hazimgusi mfukoni.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi madai yanavyokwenda yenyewe. Hospitali inadai Medicare, Medicare inalipa fungu lake, kisha kwa kawaida dai lililobaki linapelekwa moja kwa moja kwa kampuni ya Medigap. Hakuna orodha ya madaktari wa kampuni wala barua ya rufaa: yeyote anayepokea Medicare, jimbo lolote, anafaa. Ubaya wake ni kwamba Medigap hufuata uamuzi wa Medicare. Meno, miwani ya kawaida na vifaa vya kusikia havimo. Dawa za duka la dawa nazo hazimo. Hizo zinahitaji Sehemu D, ambayo hununuliwa peke yake. Tena kila mtu ana bima yake, hakuna ya mume na mke kwa pamoja.

Sasa tarehe. Ukiwa na miaka 65 au zaidi na bima yako inatokana na kazi unayoifanya sasa, au anayoifanya mwenzi wako, unaruhusiwa kuahirisha Sehemu B bila adhabu, mradi mwajiri ana wafanyakazi 20 au zaidi. Mwajiri akiwa na chini ya 20, Medicare ndiyo hulipa kwanza, na bima ya kazini inaweza kukataa fungu ambalo Medicare ingelipa. Hapo usiahirishe hata kidogo. Kazi ikiisha au bima ya kazini ikiisha, lolote litakalotangulia, unapewa miezi 8 ya kujiandikisha Sehemu B. Ukipitiliza, adhabu ni asilimia 10 ya ada kwa kila miezi 12 kamili ya kuchelewa, na kwa kawaida utailipa maisha yako yote. Ada ya kawaida ya Sehemu B mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi.

Mtego mkubwa unaitwa COBRA. Mwajiri anakupa barua kwamba unaweza kuendelea na bima ileile kwa miezi 18 ukilipa ada yote mwenyewe. Mtu anaona ana bima na kadi ni ileile, anatulia. Lakini COBRA haihesabiki kuwa bima ya kazi unayoifanya, wala bima ya wastaafu inayotolewa na mwajiri haihesabiki. Ile miezi 8 inaendelea kuhesabiwa ukiwa ndani ya COBRA, na ikiisha utasubiri dirisha la kila mwaka la Januari hadi Machi. Kibaya zaidi, mtu anayestahili Medicare akiwa kwenye COBRA huhesabiwa kana kwamba Medicare inalipa kwanza. Kwa hiyo kampuni inaweza kuacha kulipa fungu hilo hata kama hujajiandikisha. Ada umelipa na hospitali inakudai.

Fomu ni mbili. CMS-40B ni ombi lako la Sehemu B. CMS-L564 ni uthibitisho wa mwajiri: Sehemu A ya fomu unaijaza wewe, Sehemu B ya fomu anaijaza mwajiri, akionyesha bima ilianza lini, ilikwisha lini, na kazi ulifanya kuanzia lini hadi lini. Zote mbili zinakwenda Social Security, yaani ofisi ya hifadhi ya jamii ya Marekani, kwa mtandao, faksi, posta au ofisini. Ukipeleka moja bila nyingine ombi linakaa. Kama umefanya kazi kwa waajiri wawili tangu utimize 65, unahitaji L564 mbili.

Hii ya mwajiri ndiyo inayochelewesha kuliko zote. Ofisi za watumishi hujaza tarehe ya kuacha kazi zikasahau tarehe ya mwisho wa bima, au huacha sahihi. Isome kabla ya kuituma. Mwajiri akikataa au kampuni ikiwa imefungwa, kuna njia: jaza mwenyewe ile sehemu ya mwajiri kadiri unavyojua, usiitie sahihi, na uambatanishe ushahidi kama hati za mshahara zinazoonyesha makato ya bima, fomu za W-2 (taarifa za mwaka za mshahara) zenye makato hayo, kadi ya bima yenye tarehe ya kuanza, au taarifa za malipo ya matibabu kutoka bima ya zamani. Na kwa watu wa kwetu wenye majina matatu: jina kwenye L564 lifanane na lililoko Social Security herufi kwa herufi. Mkalimani anapatikana bure Social Security ukimwomba, Kiswahili kikiwemo. Usimbebeshe mtoto kazi ya kutafsiri maneno ya bima.

Kwenye CMS-40B kuna nafasi ya maelezo ya ziada. Andika humo mwezi unaotaka Sehemu B ianze. Bima ya kazini ikiisha Agosti 31, peleka fomu Julai na uandike kwamba unataka ianze Septemba 1. Ukisubiri hadi katikati ya Septemba bila kutaja chochote, unaweza kukaa wiki kadhaa bila bima yoyote.

Baada ya hapo ndipo Medigap yenyewe. Mwezi ambao Sehemu B inaanza ukiwa na miaka 65 au zaidi, linafunguka dirisha la miezi 6. Ndani yake kampuni haiwezi kukukataa wala kukupandishia bei kwa sababu ya kisukari, presha, moyo au saratani. Likishafungwa, katika majimbo mengi kampuni inaruhusiwa kukuuliza maswali ya afya na kukukataa. Dirisha hili kwa kawaida hufunguka mara moja tu. Ndiyo maana kuanza Sehemu B mapema ukiwa bado na bima nzuri ya mwajiri mkubwa ni kosa la gharama: unalipa ada ya kila mwezi huku miezi 6 inayoyoma bila faida.

Hata ndani ya dirisha, kampuni inaweza kusubirisha malipo ya ugonjwa uliokuwa nao kabla, hadi miezi 6. Lakini muda huo unapunguzwa mwezi kwa mwezi na bima uliyokuwa nayo, mradi hukukaa zaidi ya siku 63 bila bima. Omba barua kutoka bima ya zamani inayoonyesha ulianza lini na ulitoka lini, nawe uiambatanishe na ombi.

Aliyekwisha kupitwa na dirisha ana nafasi nyingine. Kama ulikuwa na Sehemu B, na bima ya wastaafu, ya COBRA au ya mwajiri mdogo iliyokuwa ikilipa baada ya Medicare imekatika, sheria ya shirikisho inakupa siku 63 za kununua bila maswali ya afya mipango A, B, D, G, K au L, kwa waliostahili Medicare kuanzia Januari 1, 2020. Kampuni hapo haina ruhusa ya kukusubirisha. Itunze barua ya kusitishwa pamoja na bahasha yake yenye muhuri wa posta, kwa sababu tarehe ya kupata taarifa inaweza kuwa ndiyo mwanzo wa hesabu. Angalia lakini: sheria hiyo inataja bima iliyokuwa ikilipa baada ya Medicare. Bima ya mwajiri mkubwa hulipa kabla yake, na hapo unategemea kama jimbo lako limepanua haki hiyo. Uliza kabla ya kuacha kazi.

Kuhusu bei, jambo moja liko wazi kisheria: Mpango G wa kampuni moja unalipa matibabu sawasawa na Mpango G wa kampuni nyingine. Tofauti ni ada, na ndani ya mji mmoja ada zinaweza kuachana sana. Mimi sinunui kwa jina la kampuni. Namuuliza wakala mambo matatu. Ada inapangwa kwa bei moja kwa wote, kwa umri wa kuingia, au kwa umri unavyopanda? Imepandishwa kwa asilimia ngapi katika miaka ya karibuni? Kuna punguzo la watu wawili nyumba moja? Ada inayopanda kwa umri huanza ikiwa nafuu na kuwa nzito ukifika 75, wakati ambao kuhama kampuni kunahitaji maswali ya afya. California ina kanuni ya siku ya kuzaliwa inayokuruhusu kuhamia mpango ulio sawa au mdogo bila maswali. New York na Connecticut hupokea watu mwaka mzima.

Mpango N ni nduguye wa bei ya chini. Wewe unatoa hadi dola 20 kwa ziara ya daktari na hadi dola 50 kwa chumba cha dharura usipolazwa, na mpango haulipi ile ziada ya asilimia 15. Ohio na Pennsylvania haziruhusu ziada hiyo, kwa hiyo mtu mwenye afya huko asiudharau Mpango N. Ila Minnesota na Massachusetts, ambako Wakenya ni wengi, pamoja na Wisconsin, zina mipango yao isiyofuata herufi hizi. Usipoteze muda kutafuta G huko.

Kwa anayesafiri nyumbani: Medicare karibu hailipi kitu nje ya Marekani. Mpango G unalipa asilimia 80 ya dharura ya nje baada ya kujilipia dola 250 kwa mwaka, kwa dharura inayoanza ndani ya siku 60 za kwanza za safari, na ukomo wa maisha ni dola 50,000. Ukienda Mombasa au Dar es Salaam miezi mitatu, mwezi wa tatu hauna kinga. Nunua bima ya safari. Hospitali nyingi za binafsi zitataka ulipe kwanza, basi dai risiti iliyochanganuliwa kila kitu na ripoti ya daktari kabla ya kuondoka wodini. Na usisimamishe Sehemu B kwa sababu unakaa Afrika mwaka mzima: miezi hiyo huhesabiwa kwenye adhabu.

Dawa: Sehemu D ina muda wake mfupi, miezi miwili kamili baada ya bima ya kazini kwisha. Siku 63 au zaidi bila bima ya dawa inayokubalika huleta adhabu ya asilimia 1 ya ada ya msingi ya taifa kwa kila mwezi. Mwaka 2025 hukutakiwa kulipa mfukoni zaidi ya dola 2,000 kwa dawa zilizomo kwenye orodha ya mpango.

Mstaafu aliyekuwa na mshahara mzuri atapokea barua ya kuongezewa ada ya Sehemu B, kwa kuwa Social Security huangalia kodi ya miaka miwili nyuma. Mwaka 2025 nyongeza ilianzia kipato cha zaidi ya dola 106,000 kwa mtu mmoja. Jaza fomu SSA-44 ukitaja kuacha kazi, weka makisio ya kipato kipya, na ambatanisha barua ya mwajiri. Mwenye akaunti ya akiba ya afya aache kuweka pesa miezi 6 kabla ya kuomba Medicare, kwani Sehemu A inaweza kurudishwa nyuma miezi hiyo na pesa zikatozwa kodi.

Kabla ya kutia sahihi piga simu SHIP ya jimbo lako, yaani huduma ya ushauri wa Medicare. Washauri wake hawauzi bima na hawatozi kitu. Na kama unabadilisha Medigap moja kwa nyingine, una siku 30 za kuijaribu mpya. Katika siku hizo lipa ada zote mbili, na uikate ya zamani kwa maandishi baada tu ya kupokea kadi mpya na kuona tarehe ya kuanza ni sahihi.