Antena ya ndani: anza na waya, busta iwe ya mwisho

Umeuliza ununue antena ipi ya ndani; orodha yangu iko chini, ila kwanza tuelewe tatizo. Zamani TV ikisumbua ilitoa chenga. Mtangazaji alikuwa kama amesimama kwenye mvua ya mchele, sauti inakwaruza, lakini taarifa ya habari uliipata. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, hiyo nafuu haipo. Dijitali inaonyesha safi, ikishindwa inaganda: mdomo wazi, nusu ya uso imegeuka vipande vya mraba, kisha kioo cheusi na maneno ya kwamba hakuna mawimbi.

Kwa kuwa kati ya picha safi na giza hakuna ngazi, mtu huamini antena imekufa na kwenda kununua kubwa zaidi. Mimi nimenunua tatu. Ya tatu ilikuwa na busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi, taa ya bluu, na boksi lililoandikwa "maili 200" na "4K". Muuzaji wa Kariakoo aliijaribu mbele ya macho yangu, ikashika kila kitu. Nikafika nayo nyumbani Tabata, ikashika chaneli mbili. Siwezi kusema alinidanganya moja kwa moja: duka lake lilikuwa ghorofa ya nne, mimi nakaa chumba cha chini, bati juu na nyumba ya jirani mbele.

Hizo maili 200 ni za boksi. Mawimbi ya TV huenda karibu kwa mstari ulionyooka, na dunia ni duara. Mnara ulio mbali kiasi hicho umeshazama nyuma ya upeo. Na 4K antena haiijui. Yenyewe inapokea mawimbi tu, ubora wa picha ni kazi ya kituo, king'amuzi na kioo chako.

Kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha king'amuzi chako ni cha antena na si cha dishi. Nimeona watu wakipigana na antena wiki nzima kumbe kisanduku ni cha dishi. Kama unataka kuchomeka antena kwenye TV yenyewe bila king'amuzi, TV iwe na T2 ndani, yaani kipokezi cha mfumo mpya wa dijitali uitwao DVB-T2. Iliyoandikwa DVB-T peke yake ni ya kizazi cha nyuma, haisomi T2. Na hata ikiwa na T2, chaneli za kulipia zilizofungwa haitazifungua.

Kisha ingia kwenye menyu, tafuta ukurasa wenye mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Watu wengi wanaangalia nguvu. Angalia ubora. Yote miwili ikiwa chini, antena imekaa mahali pabaya au waya una kasoro. Nguvu ikiwa juu na ubora chini, mawimbi yapo tele ila yamechafuka, na hapo busta haikusaidii kitu. Ikikosekana chaneli moja wakati nyingine zimetulia, usiguse antena. Kasoro inaweza kuwa ya kituo chenyewe.

Kwangu mimi ubora ulikuwa unacheza. Taarifa ya saa mbili usiku, mdogo wangu akisimama karibu na dirisha, picha inatulia. Akikaa kwenye kochi, inaganda. Tukamsimamisha hadi habari za michezo, naye analalamika miguu. Mwili wa mtu unazuia na kuakisi mawimbi, kwa hiyo alikuwa anatukinga na mawimbi yaliyogonga nyumba ya jirani na kurudi kwa kuchelewa. Tatizo lilikuwa ni mahali antena ilipokaa.

Kwa hiyo, namba moja kwenye orodha yangu siyo antena. Ni waya. Nunua mita tano mpaka kumi za waya wa RG6, ule mnene unaotumika pia kwenye dishi, pamoja na vichwa vyake na kiungio. Antena nyingi za ndani huja na kamba nyembamba ya mita moja na nusu, nayo inakulazimisha kuiweka antena juu ya TV, mahali pabaya kuliko pote chumbani. TV, king'amuzi, waya wa HDMI wa bei ya chini na chaja ya simu vyote hutoa kelele za umeme. Taa za LED za bei poa nazo zimo. Jaribu: fungua ukurasa wa ubora, zima taa, chomoa chaja. Mstari ukipanda, umemkamata mwizi bure.

Ukishakuwa na waya mrefu, tembeza antena. Iweke juu, upande wa mnara, mbali na friji na kabati la chuma. Dirisha ni zuri, ila tazama wavu wa mbu: wa plastiki haudhuru, wa chuma ni ukuta. Nondo za dirisha nazo zinasumbua, ingawa si kama wavu. Na usihame kwa mita nzima nzima. Urefu wa wimbi moja la TV ya dijitali kwenye masafa yake, yaitwayo UHF, ni kama sentimita 43 hadi 63, na ndani ya chumba mawimbi yanayogongana huacha matundu madogo. Sogeza kiganja kimoja, subiri sekunde kumi mstari utulie, sogeza tena. Nilikuta tofauti ya kuganda na kutoganda ni upana wa kitabu.

Mita kumi za RG6 nzuri zinakula desibeli mbili hivi, hasara ndogo ukilinganisha na faida ya kuitoa antena nyuma ya ukuta. Spilita, kile kigawanyio cha waya mmoja kwenda TV mbili, ni habari nyingine: kila tundu linapata chini ya nusu. Kama unayo na TV ya pili haitumiki, itoe leo.

Namba mbili ni antena ndogo ya nje, ile yenye vijiti kama mifupa ya samaki. Najua umeuliza ya ndani. Lakini kama mwenye nyumba anakubali, au una kibaraza, au hata nondo ya dirisha kwa upande wa nje, hii inazishinda zote zilizoandikwa maili 200. Huhitaji kumwita fundi kujua ielekee wapi. Toka nje, angalia mapaa ya majirani: nyingi zikitazama upande mmoja, mnara uko huko. Angalia pia kama vijiti vyao vimelala au vimesimama, nawe fanya hivyohivyo. Ukilaza wakati mnara unatuma kwa kusimamisha, unapoteza sehemu kubwa ya mawimbi. Ncha yenye vijiti vifupi ndiyo inayotazama mnara, ile yenye kichuma kikubwa inakaa nyuma. Kwa msomaji wa Nairobi, mitambo mikubwa iko Limuru, kwa hiyo ni kaskazini magharibi mwa jiji.

Ukiwa Pwani, chumvi inakula maungio kabla ya antena yenyewe. Funga kichwa cha waya kwa tepu au mpira, na uache waya uning'inie kama bembea kabla ya kuingia dirishani, maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kufuata waya hadi kwenye king'amuzi. Wingu la radi likisogea, chomoa.

Namba tatu: antena ya pembe mbili za kuvuta. Ni ya bei ya chini kabisa, watu wanaidharau, na karibu kila nyumba nimeikuta imevutwa hadi mwisho. Kuvutwa hivyo kulifaa enzi za masafa ya chini. Kwa dijitali kila pembe ibaki kati ya sentimita 11 na 16. Chukua rula ya mtoto ya shule, pima, kisha zilaze pembe zote upande na upande. Kama majirani wamesimamisha vijiti, igeuze pembe moja ielekee juu na nyingine chini. Nimeona hii peke yake ikirudisha chaneli tano kwa jirani aliyekuwa ameshafunga safari ya dukani.

Namba nne ni antena bapa, nyembamba kama karatasi. Kwenye kioo cha dirisha linalotazama mnara inafanya kazi vizuri. Kwenye ukuta wa zege, nyuma ya TV kama kwenye picha ya boksi, ni pambo.

Ya mwisho ni yenye busta. Siiweki mwisho kwa chuki. Busta inakuza kila inachopewa, kelele na mawimbi machafu pamoja, kwa hiyo haiwezi kutengeneza ubora ambao antena haikuupata. Kazi yake halali ni kufidia waya mrefu au spilita, na hapo inatakiwa ikae karibu na antena, siyo karibu na TV. Ukiwa jirani na mnara wa TV au wa simu, inazidiwa na picha inaharibika zaidi.

Kama tayari umenunua ya busta na haishiki kitu, usiitupe kwanza. Inahitaji umeme, na bila umeme mara nyingi ni mbaya kuliko waya mtupu. Ama ina kichomekeo chake cha USB, ama inategemea king'amuzi kiipe volti 5 kupitia waya wa antena. Hilo la pili lina swichi yake kwenye menyu, na ving'amuzi vingi huja swichi hiyo ikiwa imezimwa. Yangu yenye taa ya bluu ilikuwa hivyo. Niliiwasha, chaneli mbili zikawa nne. Nikaitoa, nikachukua ya pembe mbili na mita saba za waya mpaka kona ya juu ya dirisha, nikapata kumi na tisa.

Jambo la kutafuta chaneli liache hadi mwisho. Ukibonyeza kutafuta upya wakati mawimbi ni mabovu, ving'amuzi vingi hufuta orodha yote ya zamani na kukuachia kioo kitupu. Subiri mstari wa ubora utulie dakika kadhaa, watu wakipita chumbani na wengine wamekaa. Piga alama ya penseli ukutani mahali antena ilipo, maana kuna siku mtu atafagia dirisha.